Nyayo Zisizo na Daraja

Mwanangu Nyamizi,

Katika mji wote wa Tabora, kuanzia Mtendeni mpaka stesheni, hakuna mtu mwenye bahati ya miguu kama baba yako. Hilo unalijua, maana umelisikia tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako. Nilizaliwa na nyayo bapa kama chapati, nyayo ambazo zikikanyaga mchanga haziachi nafasi hata ya sisimizi kupita chini yake, na miguu hii haijaniuma hata siku moja. Nimesimama juu yake katika behewa la chakula, Dar es Salaam mpaka Kigoma na kurudi, ujana wangu wote na sehemu kubwa ya utu uzima, sinia la supu mkono mmoja, gari la moshi likiyumba kama mlevi, wala sikumwaga tone. Wakati wa vita vya Hitla nilifuatana na wenzangu kwenda kujiandikisha uaskari. Daktari wa jeshi akaniambia nivue viatu, akatazama chini, akasema, "Wewe, toka." Wenzangu wakapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Mimi nikarudi nyumbani kula viazi. Sasa niambie, nani amenizidi bahati?

Nimekaa kwenye benchi la hoteli yetu ya chai. Jua linazama, wateja wamekwisha kuondoka, na miguu yangu iko ndani ya karai la maji ya moto yenye chumvi, kwa starehe tu, kama wafanyavyo wakubwa. Kesho unapanda gari la kwenda Dar es Salaam kujifunza unesi. Watu wamenipongeza kutwa nzima, nami nimewajibu vizuri, nimewatania, wengine nimewanywesha chai ya bure. Lakini ndani sisikii kitu. Nimelitazama sanduku lako pale mlangoni nikangoja moyo useme neno lolote. Haukusema. Ni sanduku la bati, lina kufuli, basi.

Mambo ya sabuni, na kuandika barua kila mwezi, na kutokula ovyo stesheni, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena mpaka gari liondoke. Mimi nitaandika juu ya miguu. Usicheke. Wako akina baba wanaowaandikia watoto wao juu ya dini na heshima. Elimu yangu mimi iliishia darasa la tatu misheni, siku padre aliponikuta nikimwigiza anavyopanda baiskeli na kanzu yake, na darasa zima linashangilia. Kwa hiyo dini nimemwachia padre. Miguu naijua kuliko yeye.

Babu yako, baba yangu mzazi, alikuwa mpagazi. Hukumwona akiwa na nguvu. Wewe ulimkuta mzee wa kukaa mlangoni na kuuliza nani anapita. Lakini mtu yule alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi na majora ya nguo, akaenda tena. Siku zile kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona pwani alihesabiwa pamoja na watoto, hata awe na ndevu. Babu yako alizungumza habari za njia ile kama watu wengine wanavyozungumza habari za harusi yao.

Katika msafara wao walikuwa na desturi ya kutazama miguu. Kijana mpya akija kuomba mzigo, kiongozi wao alitandaza majivu chini, laini, akamwambia alowanishe miguu ndani ya maji kisha akanyage. Halafu wote waliinama kusoma. Ukitokea unyayo wenye pengo ubavuni, pale kati ya kisigino na vidole, walisema ana daraja, na mwenye daraja alipewa pembe. Ukitokea unyayo mzima, uliojaa kama mkate, walisema huyu ni gogo, naye alipewa sufuria na mikeka, akatembea nyuma pamoja na wapishi, akiimbiwa nyimbo ambazo siwezi kuziandika kwa mtoto wangu.

Nilipopata umri wa kubeba, babu yako alinitandazia majivu uani kwetu. Misafara ilikwisha kufa wakati huo, reli imefika, hakuna aliyekuwa akiniomba nibebe chochote. Haidhuru. Nikakanyaga. Akaangalia, akachukua ufagio, akafagia majivu yale mwenyewe kabla majirani hawajaona. Kuanzia siku hiyo watoto wenzangu waliniita Bata, nami nikaona afadhali niwe Bata anayechekesha kuliko Bata anayechekwa. Nikaanza kutembea kwa makusudi, vidole nje, tumbo mbele, makalio yakisema kwaheri. Mwendo ule ndio ulionipa kazi katika gari. Bwana mkubwa wa behewa aliniona nikiwachekesha wachukuzi wa mizigo hapo stesheni, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Huyu abiria watampenda." Nao walinipenda. Huko Morogoro walikuwepo mabibi wa Kizungu waliouliza kwanza kama Bata yupo ndipo wapande.

Hayo ni yangu. Sasa nije kwako.

Ulipoanza kusimama dede, babu yako akataka majivu. Mama yako alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi.

"Mtoto hajaacha hata ziwa," akasema, "mnampeleka Bagamoyo?"

"Nataka kuona tu, mayo," babu akajibu. Alimwita hivyo, mama, kama anavyoitwa mtu unayemwomba kitu.

"Uone nini? Ni mguu. Una vidole, vyote vipo, nilivitazama siku ile ile alipozaliwa."

Lakini mimi nilikwisha kukushika kwapani. Nikakuchovya miguu ndani ya maji, nikakusimamisha juu ya majivu, nawe ukacheka kwa sababu yalikuwa na vuguvugu. Nikakuinua. Nyayo mbili, nzima, zimejaa kama maandazi. Babu yako hakukutazama wewe. Alinitazama mimi.

Ningekuwa na akili ningefagia majivu nikaenda zangu stesheni. Badala yake nikajiambia kwamba kwa mwanangu daraja litajengwa. Na hapo, Nyamizi, ndipo nilipofanya jambo ambalo unalikumbuka kuliko mimi. Ulipoanza kwenda shule nilikununulia raba nyeupe. Mtaa mzima ulikuja kuziangalia, maana watoto wengine walikwenda peku, nami nilisimama barabarani nikipokea sifa. Siku ile hawakujua kwa nini nimenunua. Nilitaka mahali pa kutilia mti. Nilichonga vipande viwili vya mninga, nikavilainisha kwa kisu na kigae, vimeinuka katikati kama mgongo wa kobe, nikavitia ndani ya raba zako chini ya nyayo.

Siku ya kwanza ulirudi kutoka shuleni umezishika mkononi.

"Baba, inaniuma."

"Daraja linajengwa."

"Inaniuma hapa, na hapa."

"Tazama mimi," nikakuambia, nikachezesha miguu yangu mbele yako. "Sina daraja hata la panya kuvuka, na je, umewahi kusikia nikilia? Haijaniuma hata siku moja. Sasa wewe unajengewa kitu kizuri halafu unalia. Vaa."

Ukavaa.

Mwaka ule ule, katika safari ya kwenda Kigoma, alipanda daktari mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mwembamba, mwenye miwani. Tulipoiacha Urambo abiria wengine walikwisha kula na kuondoka, yeye akabaki na kikombe chake. Niliona hanitazami usoni. Ananitazama viatu. Nilidhani nimekanyaga kitu.

"Boi," akasema, "hebu geuka. Nipe mgongo."

Nikageuka kwa ule mwendo wangu, nikitegemea kicheko. Hakucheka.

"Viatu vyako vimelika upande wa ndani. Na visigino vyako vimelala nje kama nguzo za ua mbovu. Vua."

Mimi ni mtu wa dunia, nimeombwa mambo mengi ndani ya behewa lile, lakini kuvua viatu sikuwahi kuombwa. Nikavua. Akaniambia nishike meza, nisimame kwa ncha za vidole. Akainama kabisa, miwani ikamshuka puani, akatazama chini ya nyayo zangu kama babu yako alivyotazama majivu. Akanishika unyayo, akaukunja huku na huku.

"Upinde hautokei hata ukisimama kwa vidole," akasema. Aliita upinde kile tulichokiita sisi daraja. "Na hapa kiungo kimekuwa kigumu, hakigeuki. Unauma?"

"Hata kidogo, Bwana Daktari. Mimi ni mtu wa bahati."

Alinitazama muda. Gari lilikuwa likipita misitu ya Usinge, miti mitupu dirishani. Kisha akaniambia nivae.

Nilipokuwa nikifunga kamba nikamwuliza kuhusu watoto. Nilimwuliza kimzaha, huku nikipangusa meza. Akanieleza vizuri, bila haraka, na nilichokisikia siku ile ndicho ninachokuandikia sasa, kwa kuwa hukupata kukisikia kwangu. Alisema watoto wote wadogo wana nyayo zilizojaa. Chini ya unyayo wa mtoto kuna mafuta, na kano zake bado laini, zinanyumbuka. Anapokua, upinde hujitokeza wenyewe. Kwa wengine haujitokezi kabisa, nao huishi, hukimbia, hulima, huzaa, wala hawana ugonjwa wowote. Ndivyo miguu yao ilivyo, kama mtu mwenye pua pana. Cha kutazama si alama ya unyayo chini. Cha kutazama ni mambo mawili: kwanza, mtoto akisimama kwa vidole, je, upinde unatokea? Ukitokea, unyayo wake ni laini na hai, mwache acheze peku mchangani. Pili, anaumwa? Kama anaumwa, au kama unyayo ni mgumu haugeuki, hapo ndipo apelekwe kwa daktari.

"Na mtu akitia kipande cha mti ndani ya kiatu cha mtoto," nikasema, "ili kumjengea?"

Akaweka kikombe chini.

"Nani amefanya hivyo?"

"Jirani yangu."

"Mwambie jirani yako mti haujengi mfupa. Unamwumiza mtoto tu. Na mtoto akisema inauma, yeye ndiye daktari wa mguu wake, amsikilize."

"Nitamwambia, bwana. Jirani yangu ni mjinga sana."

"Leta chai nyingine," akasema.

Nilirudi nyumbani kutoka safari hiyo nikijua. Nataka uelewe hivyo. Nilijua, nikapita mlangoni, nikamwamkia babu yako, nikaona raba zako zimewekwa ukutani mti ukiwa ndani yake, na sikuutoa. Babu alikuwa akikaa pale kila siku akitazama miguu yako ikitoka na kuingia. Nami nilikwisha kuwatangazia watu wote kwamba namjengea mwanangu miguu ya kitajiri. Nikajiambia, hadi mvua iishe. Mvua ikaisha. Nikajiambia, mpaka mzee aende Urambo kumtembelea dada yake. Hakwenda.

Mti ule uliumaliza wewe mwenyewe. Mama yako alikuja kuniamsha nimelala mchana baada ya safari.

"Baba Nyamizi, njoo uone. Kuku wako anaatamia miguu ya mwanao."

Nikaenda. Yule kuku mweusi alikuwa amelala kwa heshima zake zote juu ya mayai, na katikati ya mayai vipo vipande viwili vya mninga. Uliviweka huko ukavaa raba tupu, kila siku, mbele ya macho yetu, na hakuna aliyejua. Babu yako alicheka mpaka akashika ubavu. "Vikitotolewa," akasema, "kimoja nipe mimi." Ndiyo mara ya mwisho ninayoikumbuka akicheka. Mti ule tuliupikia ugali, na habari ya daraja haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Nilidhani yamekwisha. Mti ulitoka, miguu ikapona, ukakimbia na wenzako. Lakini kulikuwa na kitu kingine nilichokutilia pamoja na mti, na hicho kuku hakukiatamia. Hukusema tena kwamba kitu kinauma. Ulipoungua na birika hapa hotelini ulificha mkono ndani ya kanga. Na tangu uanze kunisaidia kupokea wateja siku za gulio, nimekuona jioni, unapodhani hakuna anayekutazama, unavua viatu na kubandika nyayo zako kwenye sakafu ya saruji pale mlangoni kwa sababu ni baridi. Nimekuona, nikaendelea kuhesabu vikombe.

Halafu wiki iliyopita tulikwenda kupimwa hospitali kwa ajili ya hii safari. Mimi na mama yako tulikaa kwenye benchi nje, mlango haukufungwa vizuri. Daktari akakuuliza habari za kifua, ukajibu. Macho, ukajibu. Kisha akasema, "Naona nyayo zako ni bapa. Kazi ya wodini ni ya kusimama kutwa. Huwa zinakuuma?"

Nawe ukasema, "Hapana, Daktari. Hazijaniuma hata siku moja."

Kwa sauti ile ile. Hata kicheko kidogo mwishoni, kile changu.

Mama yako hakugeuka. Alikuwa akitazama ukuta wa mbele.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Yule si Nyamizi. Yule ni wewe."

Daktari akaandika, akakugongea muhuri, ukatoka unang'aa, watu wakakupa mikono. Nilikupa mkono na mimi. Toka saa ile mwili wangu umekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, unaupiga, unaubana, haujibu. Nimechemsha chai, nimeuza maandazi, nimekwenda kanisani Jumapili nikaimba. Nasubiri uchungu uje kama wanavyosema watu utakuja mtoto akiondoka. Labda utakuja gari likianza kwenda. Labda hautakuja.

Nitakuambia ninayoyajua, kisha uamue mwenyewe, wewe ni mtu mzima.

Nilikutazama wiki hii ulipokuwa ukichukua sukari rafu ya juu. Ulisimama kwa vidole, sketi ikapanda kidogo, na nikaona upinde umetokea chini ya unyayo wako, mzuri, kama ukingo wa bakuli. Kwa hiyo unyayo wako si kama wangu. Ni bapa ukisimama, lakini ni hai. Unyayo wa namna hiyo hauhitaji kujengwa. Unahitaji kutunzwa usichoke kupita kiasi, maana nikuambie kitu nilichojifunza mwenyewe na daktari wala padre hajaniambia: mtu akizoea kuuziba mguu wake mdomo, siku moja unaziba kweli, na ukiziba unageuka kuwa ubao.

Nimekwenda kwa fundi wa viatu hapa Mtendeni, yule mzee wa Kiarabu anayesengenya wateja huku amebana misumari mdomoni. Amekushonea viatu vyeusi, vya kamba, kisigino kigumu kinachoshika vizuri, mbele vipana vidole vipate kukaa. Ndani ametia ngozi laini iliyokunjwa, imeinuka kidogo tu chini ya upinde. Nilivivaa mkononi kama soksi nikavibonyeza kila mahali kabla ya kuvipokea. Fundi akaniuliza kama nanunua viatu au embe. Ile ngozi haijengi kitu. Inaegemeza. Ikikuuma, itoe, uitupe, hata kama mimi ndiye niliyeiweka. Najua ni viatu vibaya. Ukivivaa utaonekana kama karani wa stesheni. Vivae wodini, Jumapili vaa unavyotaka.

Kabla hujalala, shika kitasa cha mlango, inuka kwa vidole, ushuke polepole. Fanya hivyo mpaka mashavu ya miguu yaanze kupata moto. Kisha weka mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, uegemee mbele kama mtu anayesukuma gari lililokwama, ili zile kano za nyuma zinyooke. Zikikaza ndizo zinazoulaza unyayo zaidi. Na ukiwa umekaa na wenzako mnazungumza, mwaga maharage sakafuni uyaokote kwa vidole vya miguu. Watakucheka. Washindanishe. Hivi ndivyo nilivyopata marafiki popote nilipokwenda, ingawa si kwa maharage.

Lakini sikiliza hili kuliko hayo yote. Siku unyayo mmoja ukianza kuvimba upande wa ndani, chini ya kifundo, au ukashindwa kuinuka kwa vidole kwa mguu huo peke yake, au ukauma hata asubuhi kabla hujaukanyaga, usiufanyie mzaha. Mwambie metroni, yule mkuu wa manesi. Mwambie kwa maneno yaliyonyooka, siku hiyo hiyo, "Mguu wangu unauma," bila kile kicheko mwishoni.

Utaniuliza, "Na wakinirudisha nyumbani, baba?" Sijui. Sitakudanganya hapo. Inawezekana watakuhamishia kazi ya kukaa, inawezekana watakupa matibabu nawe uendelee, maana manesi wengi wanasimama na miguu ya kila namna. Na inawezekana watasema kama daktari wa jeshi alivyoniambia mimi, toka. Umeisomea nafasi hii, mama yako ameiombea novena, zile sala za siku tisa, mpaka rozari imekatika. Kuipoteza kwa neno moja ni jambo kubwa. Lakini wakikurudisha, mlango huu unaujua. Nitakuja kukupokea stesheni na kuwaambia watu wote kwamba serikali imeshindwa na miguu yako. Sitakuona umeshindwa. Nitakuona umefanya jambo ambalo katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kulifanya.

Maji yamepoa. Mama yako ameleta taa.

Nenda salama, mwanangu. Tusalimie bahari. Mimi ni baba yako akupendaye.

*

Nilikwisha kukunja karatasi. Mama yako akaniambia nimsomee. Nimemsomea yote, yeye amesimama na taa mkononi. Nilipomaliza akasema, "Rudia mwanzo." Nikarudia mwanzo. Akasema, "Unampeleka mtoto akaseme kweli kwa wageni, na wewe barua umeifungua na uongo. Kalamu ile pale." Akaenda jikoni na taa yake, ninaandika kwa mwanga wa mlangoni.

Nyamizi, sina bahati ya miguu. Ule mwendo wa bata sikuubuni nichekeshe watu. Vidole vikiwa nje uchungu hupungua, na watu walipocheka nikawaacha wacheke. Gari sikuliacha kwa kupenda. Nilimwaga supu, tena si mara moja, kwa sababu nilikuwa siwezi tena kusimama. Haya maji ya chumvi si starehe. Ulipokuwa mdogo ukaniambia inauma, nilijua hasa unachosema, mahali pale pale ulipokuwa ukigusa kwa kidole.

Miguu yangu inaniuma. Imeniuma kila siku. Inaniuma sasa hivi.